Vyandarua kwa Alfabeti

Raia wote ni sawa mbele ya chandarua. Ndivyo ulivyotamka waraka wa ofisi yetu, ukurasa mmoja na nusu, mihuri miwili, ambao niliubandika mwenyewe mlangoni. Kwa kuwa raia wote ni sawa, uliendelea waraka, orodha za kaya zitapangwa na kompyuta, kwa alfabeti, toka A mpaka Z, maana kompyuta haina mjomba, haina shemeji, wala haijui nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Na kwa kuwa kompyuta inatosha, fomu zote za karatasi zitakusanywa na kuharibiwa, zisije zikaangukia mikononi mwa wenye nia mbaya. Imefanyika Lubumbashi.

Kompyuta ilikuwa moja, na mtu wake nilikuwa mimi.

Nina shahada ya takwimu. Nilimaliza wa tatu darasani, tulikuwa watano. Mara mbili nimeomba kazi ya data kwenye mgodi mmoja upande wa Kinsevere, na mara ya pili walinijibu kwa heshima kwamba jina langu wameliweka kwenye orodha. Wakati ule nilifurahi. Nilikuwa bado sijajua orodha ni kitu gani.

Lakini hapa sisimulii habari zangu. Nasimulia za Mama Domitille Chilufya, ambaye ni relais wa mtaa mmoja wa commune ya Kenya, hapa hapa mjini. Relais ni wale watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto wakati wa chanjo, kuhesabu vyoo wakati wa kipindupindu, na kuhesabu watu wakati wa vyandarua. Amefanya hivyo miaka kumi na minne. Malipo yake yako kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba: t-shirt saba, kila moja na ugonjwa wake. Ya surua anavaa nyumbani, ya polio anavaa akienda kuuza unga wa mahindi sokoni, na ya malaria, ambayo ni mpya, anaitunza kwa ajili ya mikutano.

Baba yake alishuka kutoka kaskazini na reli, akafanya kazi kwenye reli, akapata pensheni ya reli, yaani hakuipata. Mama Domitille alizaliwa kwenye avenue ile ile, yaani barabara ile ile, anayoihesabu. Anajua nani amepanga mlango gani na nani amehama bila kuaga. Akitembea anahesabu bila kutaka. Siku moja tulipita pamoja kwenye msiba, akanong'ona, “Mia mbili na sita,” kisha akafanya ishara ya msalaba.

Doa lilikuwa moja tu katika maisha yake, nalo nilikuwa nalijua kabla sijagusa faili lile. Kwenye kampeni iliyopita, kabla yangu, orodha ilichanganyikiwa na familia za avenue yake zikapata pungufu. Hakuna aliyeilaumu orodha. Walisema Mama Domitille ameuza vyandarua. Kwa miaka miwili, kanisani, padri akisema tupeane amani, waumini walikuwa wakimpa ncha za vidole.

Basi, Jumatatu ya wiki ya ugawaji nilikaa mbele ya kompyuta. Malori yalikuwa yafike Alhamisi asubuhi. Faili lilikuwa na kaya elfu arobaini na moja, mia sita na kumi na mbili: jina la mkubwa wa kaya, avenue, namba ya parcelle, yaani kiwanja, mlango, mwenye nyumba au mpangaji, na beji ya relais; kisha idadi ya watu, watoto wadogo, na wanawake wajawazito. Nikaiambia programu ipange kwa jina. Ikafikiri dakika kumi na moja, ikajibu: nafasi haitoshi.

Programu ya takwimu ikipanga faili kubwa ni kama mtu anayechambua maharagwe. Inahitaji sinia ya pili. Sinia yangu ya pili, yaani diski, ilikuwa imejaa picha za warsha tatu na video ya ndoa ya shemeji yangu, saa sita nzima, pamoja na hotuba. Ningeweza kufuta ndoa ile. Mke wangu angenifuta mimi. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho msomi hufanya: nililikata faili katikati. Majina upande mmoja, hesabu upande wa pili. Nikajaribu tena. Nafasi haitoshi. Hapo nikatafuta kitu kikubwa cha kufuta, nikakipata: faili la awali. Lilikuwa halina kazi tena, maana nilikuwa nayo mapande yake mawili.

Safari hii majina yalijipanga vizuri kabisa, toka A mpaka Z, nikahifadhi juu ya yale ya zamani. Nikachukua hesabu, nikazisimamisha kando ya majina. Kompyuta ikaandika: kazi imekamilika, makosa sifuri. Nikaenda kula.

Atakayekuwa hajaelewa nilichofanya asione haya, mimi pia nilichelewa. Wageni wameacha viatu mlangoni kwa mpangilio walioingia. Unawaambia wajipange kwa majina, kisha unamwambia kila mmoja avae viatu vilivyo mbele yake. Majina yalikuwa yamehama. Hesabu zilibaki zimekaa pale pale.

Kuna dawa ya jambo hili, nayo ni ya dakika moja: kabla ya kupanga chochote, unaongeza safu ya namba, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho, ili ukipotea urudi ulikotoka. Ni somo la mwaka wa kwanza. Mwezi wa tatu nililifundisha mwenyewe kwa wachapaji wetu, kwa projekta, na mmoja akalala.

Mama Domitille alifika saa nane, na t-shirt ya malaria.

“Papa Osée, jambo.”

“Jambo, Mama. Karibu. Orodha imetoka.”

“Nilikuya kuangalia bantu bangu.”

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Akavaa miwani yake, ambayo mguu mmoja umefungwa uzi, akasoma kimya, kidole kikishuka. Kikasimama.

“Abbé Constantin iko na bantu kumi na moja mu nyumba.”

“Ni nyumba ya mapadri wa parokia, Mama. Wanapokea watu.”

“Batoto batano. Bamama ba mimba babili.”

“Labda ni wageni.”

Akaniangalia juu ya miwani. “Papa Osée, ile labda yako, uende uiseme ku misa.”

Kidole kikaendelea. “Na Papa Kakule, ule wa Butembo, mwenye kuuzisha mafarini, unga wa jumla. Bibi, batoto munane, na muyomba. Bantu kumi na moja. Hapa iko muntu moja. Moustiquaire moja, chandarua moja tu.”

“Kompyuta haikosei, Mama,” nilisema. Nilikuwa nanukuu waraka.

“Haikosaka, sawa. Lakini haikalaka kwetu. Alhamisi, Papa Kakule akiitwa kwa moustiquaire moja, hatakuya kupiga kompyuta. Atakuya ku mulango yangu.” Akavua miwani. “Nilisha kuitwa mwizi mara moja. Inatosha.”

Nikaenda kwa Docteur Émile, mkuu wetu, mtia saini wa waraka.

“Docteur, kuna kosa dogo kwenye orodha.”

“Dogo kiasi gani?”

“Elfu arobaini na moja, mia sita na kumi na mbili.”

Alifunga kalamu yake. Aliniuliza kama jumla ya watu ni sahihi. Nikasema jumla ni sahihi, hakuna mtu aliyepotea, ila kila mmoja yuko kwa mwingine. Akatulia. Jumla ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti.

“Basi tutagawa hivyo hivyo. Bila orodha, Alhamisi malori yanaenda zone nyingine. Kama mpaka Jumatano saa kumi haujapata bora, tunachapa iliyopo.”

“Na fomu za karatasi, Docteur?”

“Si ulisaini mwenyewe?”

Ni kweli. Jumamosi mlinzi alikuwa amezichoma nyuma ya ofisi, na mimi nilisaini kwamba zimeungua vizuri.

Niliandika kwenye jukwaa moja la mtandao ambako wataalamu husaidiana. Wa kwanza alinishauri nirudi kwenye nakala ya awali. Wa pili aliniuliza mtu wa namna gani hana nakala ya awali. Wa tatu alinikumbusha kwamba swali langu lilishaulizwa na mjinga mwingine miaka tisa iliyopita, akanipa anwani. Nikafungua. Yule mjinga hakuwa amepata jibu.

Kitu kimoja kilikuwa upande wetu. Wachapaji walikuwa wamechapa fomu relais baada ya relais, kwa namba za beji, na ndani ya kila relais, nyumba kwa nyumba, jinsi alivyotembea. Zile hesabu hazikuwa zimesogea, kwa hiyo bado zilikuwa zimesimama kwenye mpangilio wa miguu ya watu. Kama ningeweza kuyarudisha majina kwenye mpangilio ule ule, kila kiatu kingepata mwenyewe. Majina nilikuwa nayo pamoja na beji, avenue na parcelle. Nilijisikia nina akili, jambo ambalo siku ile ilifaa niliogope.

Jumanne asubuhi Mama Domitille alirudi, akavuta kiti, akaweka chini mfuko wake wa unga. Hakuwa amealikwa.

Nikapanga kwa beji, avenue, parcelle. Akasoma.

“Moja. Kumi. Mia moja. Mia moja na moja. Kumi na moja. Kumi na mbili.” Akashuka mistari kadhaa. “Kumi na tisa. Mbili.” Akanigeukia. “Iyi ni avenue ya wapi?”

Programu ilikuwa imezichukua namba za parcelle kama maneno, na kwa maneno, kumi, ambayo inaanza na tarakimu ya moja, inatangulia mbili. Nikazigeuza ziwe namba za kweli. Sasa zilipanda vizuri, moja, mbili, tatu, lakini parcelle zote zenye bis, yaani zilizomegwa kutoka kwa jirani, kumi na mbili bis, arobaini bis, hazikuwa namba tena. Programu ilizifanya tupu, ikazitupa zote mwisho wa avenue.

“Balibomoa ba-bis bote?” aliuliza. “Dada yangu anakalaka ku bis.”

Nikazirudisha, kila bis nyuma ya namba yake. Nikaweka hesabu kando. Tukamtafuta Abbé Constantin. Watu wanne, mjamzito mmoja.

“Imepungua,” nilisema.

“Anabadilika muzuri, abbé wetu,” alisema Mama Domitille. “Uniambie kwanza, weye unawaza tunatembeaka namna gani?”

“Namba moja, namba mbili, namba tatu.”

“Namba moja iko kushoto. Namba mbili iko kulume. Kila mara tunavuka barabara? Na ile jua? Na mapikipiki?” Alisema polepole, kama anavyosema na watu wa ofisi. “Tunapanda na kushoto mpaka mwisho. Tunapumzika. Njo tunashuka na kulume.”

Nimeishi Lubumbashi miaka thelathini na minne na nimetembea avenue nyingi. Sikuwa nimevuka barabara hata mara moja kwa ajili ya kufuata hesabu. Nikapanga upya: namba zisizogawanyika kwa mbili zikipanda, zinazogawanyika zikishuka. Abbé Constantin akabaki na watu watatu, yeye, padri msaidizi wake na mpishi, wajawazito hakuna. Nikapiga meza. Mama Domitille hakupiga kitu. Alikuwa ameshafika kwa Kakule.

“Bado muntu moja.”

“Haiwezekani. Abbé amekaa sawa.”

“Abbé iko peke yake mu parcelle. Papa Kakule iko na balocataire batano.”

Tukatazama ile parcelle, ishirini na saba. Milango sita: mitano ya wapangaji, wa kwanza getini, na wa sita nyumba kubwa ya nyuma, ya Kakule mwenyewe. Nilikuwa nimeipanga milango moja mpaka sita, kama inavyofuatana mtu akiingia. Kwenye mlango wa kwanza anakaa kijana mmoja seremala, peke yake: kompyuta ilikuwa imempa watu kumi na mmoja. Wengine wote walikuwa wamesogea hatua moja, na Kakule wa mwisho alikuwa amepata hesabu ya jirani yake wa mlango wa tano, naye anakaa peke yake.

“Uko unaingia mu parcelle ya muntu,” alisema Mama Domitille. “Unaanza na nani?”

“Na mlango wa kwanza.”

“Unapita kuhesabu balocataire, bailleur iko anakuangalia tu?” Alicheka kwa mara ya kwanza, na mimi nikaona nilivyokuwa mpumbavu kabla hajamaliza. “Atakufukuza na ile beji yako. Unaenda mpaka nyuma, unasalimia mwenye parcelle, unamuandika. Njo unarudia ku milango.”

Mimi nilipanga nyumba miaka kumi na mmoja kabla sijajenga kule Annexe, pembezoni mwa mji. Nyumba yangu bado haina dari, lakini ni yangu. Kwa miaka kumi na mmoja, kila mgeni rasmi aliyeingia getini alinipita bila kunitazama, akaenda nyuma kumwamkia mwenye nyumba, kisha ndipo akakumbuka kwamba mimi pia ni mtu. Chanjo ilinipita hivyo, sensa ilinipita hivyo, kampeni ya uchaguzi vilevile. Nilikuwa na data ya kutosha.

Nikaandika amri: katika kila parcelle, mwenye nyumba kwanza, kisha milango kuanzia getini. Kakule akapata watu wake kumi na mmoja. Seremala akabaki peke yake. Mama Domitille akatafuta jina lake mwenyewe, akakuta saba, akahesabu kwa vidole, akakubali.

“Avenue yangu imekaa,” alisema. “Sasa ya benzangu.”

“Si wanatembea kama wewe?”

“Benyewe ni bantu, Papa Osée.”

Relais walikuwa tisini na sita. Aliwaita wote, sijui kwa njia gani, na kuanzia Jumanne mchana walikaa uani kwa benchi. Mmoja mmoja aliingia, akanieleza alivyotembea. Nilihitaji kuandika haraka na kuchora, na ofisini hakukuwa na karatasi, kwa sababu zinazojulikana. Zilikuwepo tu nakala mia moja za waraka ambazo hazikuwa zimegawanywa. Nyuma yake palikuwa peupe. Nilichora avenue tisini na sita nyuma ya usawa wa raia.

Nono, mwanaume mrefu mwenye sauti ndogo, alisita.

“Miye nilianzia mwisho.”

“Kwa nini?”

“Ku namba tatu iko imbwa.”

“Imbwa gani?” aliuliza Mama Domitille. “Ile ya muzee, yenye haina meno?”

“Meno sikuangalia, Mama.”

Bénit alianzia katikati, kwa mama mkwe wake, maana asingeweza kupita mlango ule na kurudi baadaye, yangekuwa maneno. Syntiche alihesabu upande mmoja siku ya Jumatano na mwingine Jumamosi, kwa kuwa katikati alijifungua. Wengi walitembea kama Mama Domitille, kushoto kupanda, kulia kushuka, na kuhusu mwenye nyumba hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari tofauti. Nilipowauliza waliniangalia kama nimewauliza kama walikuwa wamevaa nguo. Mama Domitille alikaa kando yangu, akakagua kila mmoja: alitaja familia mbili tatu anazozijua kwenye avenue ya mwenzake, tukaangalia kama watu wao wamerudi nyumbani. Wasiporudi, relais alirudishwa kwenye benchi kukumbuka vizuri.

Jumatano saa tisa na nusu nilimpelekea Docteur Émile orodha. Aliuliza kama ni kwa alfabeti. Nikamjibu ndiyo: nilikuwa nimeipanga upya toka A mpaka Z, safari hii na safu ya namba ubavuni, na nafasi kwenye diski ilitosha, kwa sababu nilifuta hotuba za ndoa. Hilo mke wangu bado hajalijua. Docteur alisema kwamba hii inaonyesha kile ambacho kompyuta inaweza kufanya ikiachwa ifanye kazi.

Mama Domitille alikuwa ameniomba kitu kimoja, nakala ya ile orodha nyingine, ya kabla ya alfabeti, iliyofuata miguu ya relais. Niliichapa nikampa, nikidhani anataka ukumbusho.

Alhamisi malori yalifika uwanjani kwenye shule ya parokia saa moja na nusu. Orodha ya alfabeti tuliibandika ukutani, karatasi kwa karatasi, toka mlango wa darasa la kwanza mpaka vyoo. Ilipendeza. Watu waliitazama kwa adabu, wakauliza Mama Domitille yuko wapi.

Alikuwa amesimama juu ya benchi chini kidogo ya uwanja, t-shirt ya malaria, miwani na uzi wake, karatasi mkononi. Aliita kwa sauti, avenue kwa avenue, na relais wenzake wakagawa. Hakuna aliyeambiwa asubiri herufi yake. Kila familia ilimwona jirani yake akiitwa, ikajua sasa ni zamu yake, ikasogea. Kakule alipewa vyandarua sita kwa watu kumi na mmoja, akavihesabu mbele ya wote, akavihesabu tena, kwa sababu ni mfanyabiashara, akasema, “Aksanti, Mama.” Kwa sauti. Nadhani alijua alichokuwa anasema. Mama Domitille aliita anayefuata. Neno lile la kampeni iliyopita, mwizi, halikutamkwa na mtu.

Saa tano Docteur Émile alipita na wageni wawili, akawaonyesha ukuta. Mmoja wao alipiga picha.

Mpaka saa kumi jioni tulikuwa tumemaliza avenue thelathini na moja za kwanza, kushoto kwa kupanda, kulia kwa kushuka. Katika kila parcelle, wa kwanza kuitwa alikuwa mwenye nyumba.